Mlango Unaokwaruza Fremu

Kila siku akitoka shule, Fundi Mdogo alivua sare, akanywa maji, akaingia karakana ya baba yake. Jina hilo alibandikwa na wateja, naye alilipenda kuliko lile la kwenye daftari. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Alijua kupiga msasa, kushika randa, na kubana misumari mitatu kwenye meno huku akigongelea wa nne, kama baba yake hasa. Hilo la misumari hakufundishwa na mtu. Aliliona tu, akaliiga.

Wiki hiyo aliahidiwa jambo kubwa la Jumamosi: kufunga mlango kwenye fremu peke yake kwa mara ya kwanza, tena mlango wa chumba cha bibi yake. Ndiyo maana hakumwambia mtu habari za taya.

Taya lake lilikuwa likilia kila alipofungua mdomo. Ka! Meno ya chini yalikaa upande, hayakukutana sawasawa na ya juu, kwa hiyo alitafunia upande mmoja tu. Asubuhi aliamka kichwa kinamgonga. Mezani Bibi aliuliza, "Nani anavunja njugu bila kunigawia?" Wote wakacheka. Yeye akacheka mdomo ukiwa umefumbwa, akasukuma sahani.

"Nimeshiba, Bibi."

Uongo mtupu. Tumbo lilikuwa likinguruma, lakini aliogopa kwamba akisema ukweli, atakatazwa kuingia karakana.

Alhamisi alikuwa ameinama juu ya fremu, misumari mdomoni, baba yake alipomwita.

"Fundi, hiyo bawaba umeipima?"

Akataka kuitema misumari ajibu. Taya likagoma kufunguka. Akajaribu tena, maumivu yakampanda hadi sikioni. Baba alipoona macho yake, aliangusha nyundo. Mikono iliyozoea mbao nzito ikachomoa msumari mmoja mmoja, polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu likizo, Baba," alijibu meno yakiwa yamebana, machozi yakimtoka. "Niliogopa utaninyima mlango wa Bibi."

"Na kule kushiba kote?"

"Nilikuwa na njaa."

Baba akakaa chini kwenye vumbi la mbao, akamvuta karibu. "Ujinga huu wa misumari umeuona kwangu," alisema kwa uchungu. "Nisamehe, mwanangu."

Kesho yake daktari wa meno, mama mcheshi, aliweka vidole mbele ya masikio ya msichana.

"Fungua. Funga. Taratibu, hatushindani." Akatikisa kichwa. "Meno yako yamekua bila kukutana vizuri. Si kosa lako, wengi wa umri wako wako hivyo, na tutayapanga kwa waya. Lakini kung'ata misumari na kutafunia upande mmoja kumekichosha kiungo cha taya."

"Kumbe mlango ukikwaruza fremu, inayoumia ni bawaba!" msichana alidakia.

"Nani kakufundisha udaktari?"

"Huo ni useremala, Daktari."

Daktari alicheka, kisha akatoa masharti: chakula laini, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu shavuni, mazoezi mepesi ya taya, na marufuku kung'ata kalamu, kucha au msumari.

"Na mlango wangu?"

"Mlango unafungwa kwa mikono. Taya likitulia, kafunge."

Taya lilichukua wiki tatu kutulia. Wiki zote hizo Bibi alilala nyuma ya pazia, maana alimkataa fundi mwingine yeyote, hata mwanawe mwenyewe.

Siku ilipofika, msichana alifunga mlango huku misumari ikiwa mfukoni mwa aproni. Baba, kwa mazoea, alitia mmoja mdomoni. Binti yake akamkazia macho. Akautema haraka, Bibi akacheka hadi akashika ukuta.

"Sikiliza, mwanangu," Baba alisema. "Mlango ukianza kukwaruza, tunaurekebisha siku hiyo hiyo, hatungoji bawaba ing'oke. Na wewe ukiumwa, useme siku hiyo hiyo. Kazi ipo, haikimbii. Mimi nakutaka wewe ukiwa mzima."

Bibi aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Haukutoa hata sauti. Akampa mjukuu wake sahani iliyojaa.

"Haya, Fundi, kula. Na leo usithubutu kuniambia umeshiba."

Alikula yote, akaomba nyingine.