Cheti Ambacho Mrisho Hakuwa Nacho

Kila asubuhi Mrisho alifungua duka la mabegi mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Alitundika mabegi ya shule mlangoni, kisha akaanza kuita wateja. Mwenye duka, Elimringi, alikuwa mtu wa Kilimanjaro. Wote walimwita Mangi, yaani chifu kwa Kichaga, naye aliitika.

Siku moja Mangi alimwita pembeni.

"Mrisho, nafungua duka la pili. Nataka ulisimamie wewe. Kesho niletee cheti chako cha kidato cha nne, tuandikiane mkataba."

"Sawa, Mangi," alijibu Mrisho.

Hakuwa na cheti. Aliacha shule kidato cha pili. Hakufukuzwa, wala hakukosa ada. Aliona shule inamchelewesha, akaenda kutembeza soksi. Lakini Kariakoo mtu hupata kazi kwa kusemewa na mtu. Mjomba wake, Sadalla, ndiye aliyempeleka kwa Mangi. Alisema, "Huyu mpwa wangu, kidato cha nne kamaliza." Mrisho alikuwa amesimama palepale. Alinyamaza.

Jioni alimweleza mkewe, Shamsa.

"Kuna jamaa anatengeneza vyeti," alisema. "Na mhuri anagonga."

"Ukifungwa, huo mhuri utalisha wanao?" Shamsa alimjibu. Akaenda kumwita jirani yao Jovitha, mwalimu wa madarasa ya jioni ya watu wazima, akamsimulia yote njiani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mrisho, kughushi cheti ni kosa la jinai. Leo una tatizo na bosi. Ukinunua hicho cheti, utakuwa na tatizo na polisi."

"Nikisema kweli, namwaibisha mjomba."

"Mpigie mjomba kwanza, asiyasikie mtaani. Kisha mwambie bosi wewe mwenyewe. Sema uliishia wapi. Usimlaumu mtu. Halafu mwambie umeanza kusoma."

"Nimeanza lini?"

"Kesho jioni. Aliyeacha shule anasoma kwetu, anafanya mtihani wa maarifa, unaolingana na wa kidato cha pili. Akifaulu, anajiandikisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea."

"Kwa umri huu, mwalimu?"

"Darasani kwangu yupo bibi anayeuza samaki soko la Feri. Wewe utakuwa mtoto wetu."

Shamsa alicheka. Mrisho hakucheka. Alimpigia mjomba.

"Unataka Kariakoo nzima inione mwongo?" mjomba alifoka.

"Nitasema kosa ni langu, mjomba. Nilisikia nikanyamaza."

Mjomba alikata simu.

Asubuhi, kabla wateja hawajaja, Mrisho alisimama mbele ya Mangi.

"Mangi, cheti sina. Niliishia kidato cha pili. Nilinyamaza ili nipate kazi. Naomba unisamehe. Leo jioni naanza masomo."

Nje, mkokoteni wa mizigo ulipita ukipiga kelele.

"Duka langu nakuachia, nyumbani kwangu unakula, kumbe unanificha jambo?"

"Ndiyo, Mangi."

"Ungeniletea cheti feki, ningekupeleka polisi mwenyewe." Alishusha pumzi. "Duka jipya sikupi. Siyo kwa sababu ya kidato cha pili. Kazi unaijua. Ni kwa sababu ulinyamaza. Atalisimamia Caroline, muuzaji mwenzako. Wewe baki hapa. Jioni uondoke mapema uwahi darasa."

Iliuma. Siku Caroline alipofungua duka jipya, Mrisho alimbebea mabegi, akampa hongera. Jioni akaenda darasani, akakaa nyuma ya bibi wa Feri. Mjomba alinuna mpaka Idi, kisha akaja kula pilau kama kawaida.

Mtihani wa maarifa ulifika, ukapita. Matokeo yalipotoka, Mrisho alimpelekea Mangi simu ayaone. Alikuwa amefaulu. Mangi alivaa miwani, akasoma polepole.

"Hesabu D?"

"D, Mangi."

"D yako mwenyewe?"

"Yangu mwenyewe. Nimeitolea jasho."

Mangi alicheka hadi wapita njia wakageuka.

"Basi kuanzia Jumatatu ghala la duka ni lako kusimamia. Na mwakani nataka cheti cha kidato cha nne."

"Utakiona, Mangi," alisema Mrisho, akatoka kumhudumia mteja.