Kiti cha Saa Sita

Sahani ya pili ilirudi imejaa. Ayikoru alikuwa amepakua enyasa, ule ugali wa muhogo na mtama, pamoja na majani ya kunde yaliyopikwa kwa simsim, yaani ufuta. Hakuna aliyeigusa, hata alama ya kidole haikuwepo. Lakini alipomega tonge, maana si vizuri kutupa chakula, kinywani halikuwa na kitu. Halikuwa limechacha wala kuungua. Chumvi haikuwepo, simsim haikuwepo, harufu haikuwepo. Ilikuwa kama kutafuna karatasi iliyoloweshwa maji. Akaonja kilichobaki kwenye sufuria. Hicho kilikuwa na ladha yake yote.

"Mgeni wako hakula," alimwambia mumewe.

"Alikula," Théodore akajibu huku akinawa mikono. "Nilimuona mimi mwenyewe. Alikula sana."

Théodore alikuwa mwashi, mzaliwa wa Aru ng'ambo ya mpaka. Alimuoa Ayikoru kwao Vurra, wakahamia mjini Arua, na kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa misalaba ya makaburi. Mara moja tu aliagizwa malaika wa kuwekwa mbele ya kanisa, na watu walipomuona malaika yule walisema ana mabawa ya bata. Kila mtu alicheka akasahau, isipokuwa Théodore.

Basi mwaka wa sabini na tano, Meja Dumo alipotuma gari limchukue hadi Koboko, Théodore alipanda akiwa na zana zake zote na mkewe. Meja alikuwa amejenga nyumba kubwa kando ya barabara ya Kuluba. Aliwapokea uani, akatoa mfukoni kadi ya picha iliyochakaa pembe. Ndani yake majitu ya mawe yalikuwa yameketi mbele ya mlima, mikono magotini, na mtu aliyesimama miguuni pao alionekana kama kuku.

"Mimi nilienda kozi Misri," alisema Meja. "Ile watu ya zamani walikuwa na akili, fundi. Mfalme akikufa, wanamchonga kwa jiwe. Wanafungua jiwe mudomo, wanapa chakula kila siku, na roho yake inakuja kukaa ndani. Mimi nataka moja kama hii. Ya baba yangu."

"Uso wake iko namna gani, afande?"

Meja Dumo aliitazama kadi. Baba yake alikufa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Picha haikuwepo.

"Sijui," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. Kisha akairudisha kadi mfukoni. "Tafuta. Wiki tatu, wageni wakubwa wanakuja kutoka Kampala. Kama uso hapana fanana, wewe nitakuzika ndani ya sementi, pamoja na hiyo jiwe."

Aliyasema hayo bila hasira, kama mtu anayeagiza kokoto. Hapo ndipo Ayikoru alipoogopa.

Jitu liliinuka upesi, tofali ndani, nondo katikati, sementi nje. Lilikuwa na urefu wa watu watatu, limeketi, mikono magotini, likitazama barabara. Mwisho likawekwa kichwa, laini kama kibuyu, bila jicho wala pua. Théodore alikitazama siku mbili mikono ikiwa imelegea. Siku ya tatu alirudi chumbani akichekacheka. Mzee mmoja amepita, alisema. Mzee anaujua uso wa baba wa Meja, na amekubali kuja kila saa sita mchana akae achongwe. Ndipo alipoomba chakula cha watu wawili.

Sahani ilirudi hivyo siku nne. Siku ya tano Ayikoru alimfuata Lomoro, mchanganya sementi, kijana aliyekimbia vita vya Sudan na asiyependa maneno mengi.

"Huyu mzee anatoka wapi?"

Lomoro aliendelea kugeuza koleo. "Mzee hapana, mama."

"Hapana namna gani?"

"Mimi hapana ona mutu. Ikifika saa sita, bwana yako anatufukuza wote. Nilichungulia mara moja. Anaongea na jiwe." Akashusha sauti, akatazama nyuma yake. "Na mama, iko kitu ingine. Jiwe inanuka. Kama mudomo ya mutu mwenye njaa."

Jioni hiyo Ayikoru alifua shati la mumewe. Mashati ya waashi hukauka na mistari myeupe mgongoni, chumvi ya jasho. La Théodore halikuwa na mstari. Alimshika mkono akiwa amelala, akauona wa kijivu hadi kwenye kiwiko, ngozi imepasuka vipande vidogovidogo kama lipu iliyokauka haraka. Alimuosha kwa maji ya moto na mafuta. Ukijivu haukutoka.

Kesho yake alienda mwenyewe. Alijificha nyuma ya rundo la tofali jua likiwa utosini, saa ile ambayo kivuli cha kila kitu huingia chini ya kitu chenyewe, kuku hunyamaza na barabara hubaki tupu. Théodore alikuwa juu ya jukwaa la miti. Mkononi alishika bikari ya mbao ya kupimia, akaigeuza kuelekea chini, kwenye mapaja ya jitu, mahali palipokuwa patupu, akaifunga taratibu hadi meno mawili ya bikari yakasimama. Yalisimama hewani. Yalikuwa yamegusa kitu, shavu na shavu, na hayakuweza kufungana zaidi. Théodore akasema, "Samahani, mzee, nakuumiza?" akainama kusikiliza jibu, akacheka. Kisha Ayikoru akaona kivuli: kwenye mapaja ya jitu, saa hiyo isiyokuwa na vivuli, palikuwa na kivuli cha mtu aliyeketi, cheusi kama masizi, na kivuli hicho kikageuza kichwa polepole kuelekea kwenye rundo la tofali, kikatulia hapo, kikimtazama, ingawa hakikuwa na macho ya kutazamia, na ile harufu aliyoambiwa na Lomoro ikamjia usoni ikiwa na joto, kama mtu amepumua karibu na pua yake.

Alikimbia hadi nyumba ya tatu, kwa Mama Fatumah.

Fatumah alikuwa shangazi yake Meja, mjane, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu uso ule, na Koboko nzima ilimjua kwa kutuliza watu waliopandwa na majini. Alisikiliza hadi mwisho, akajifunga shuka, akaenda kuutazama uso ule uliokuwa umebakiza macho tu. Aliutazama mara moja. Aliporudi, alifunga mlango nyuma yake.

"Ni kaka yako, mama?"

"Kaka yangu alikuwa na uso pana, ya kucheka. Hii haijawahi kuwa ya mutu." Akaketi chini. "Binti yangu, mutu mwenye jini, sisi tunamwita nani?"

"Kiti."

"Basi. Ninyi mumejenga kiti kubwa kama nyumba, kando ya barabara. Uso hakuna, jina hakuna. Halafu bwana yako akakaa pale akiomba: baba ya mutu fulani, njoo. Wengine wanatembea usiku. Huyu ni wa saa sita mchana, na miaka yote amekosa pa kukaa. Nani angekataa?"

"Anafanya nini na mume wangu?"

"Anamuhamisha polepole ndani ya jiwe. Jiwe haina pumzi. Pumzi anatoa kwa fundi. Siku macho itafunguka, bwana yako itabaki ganda."

Ayikoru alirudi chumbani akamshika mumewe mabega. Alimwambia waondoke sasa hivi, waache zana, waache kila kitu, Vurra si mbali, wakivuka mpaka hakuna atakayewafuata. Théodore alimsikiliza kwa upole. Sauti yake ilikuwa imekauka, kama mchanga ukimwagwa kwenye karai.

"Ayikoru, mimi maisha yangu yote nimejengea wafu misalaba. Watu walicheka malaika yangu. Hii uso umeiona? Umeona mashavu? Bibi yangu, mutu hawezi kufanya kitu kama hii mara mbili. Niache nimalize macho."

"Itakuua."

"Najua," alisema. Kisha machozi yakaanza kumtoka, membamba, ya kijivu. "Najua, na mukono haikubali kuacha. Nisaidie."

Ndiyo iliyomvunja Ayikoru, hiyo "nisaidie" iliyofuata "niache". Alirudi mbio kwa Fatumah, na Fatumah akamweleza la kufanya: uso uvunjwe saa sita, jini mwenyewe akiwa ameketi, maana saa nyingine utavunja sementi tu. Fatumah atamshikilia kwa maneno. Ayikoru atapanda na nyundo.

"Na moja, sikia vizuri," alisema Fatumah. "Akitolewa kwa jiwe, atatafuta kiti ya damu. Asiitwe. Mutu yeyote asimwite mzee, asimwite baba, asimwambie karibu. Mwenye kumwita ndiye kiti. Asipoitwa hata kidogo, ataenda zake."

"Na akirudi kwa Théodore?"

"Fundi amemwita siku nyingi," alisema. "Inaweza kuwa."

Siku iliyofuata, jua lilipofika katikati, jicho la kulia lilikuwa limekwisha na Théodore alikuwa ameweka patasi kwenye la kushoto. Fatumah aliingia uani na chetezo cha ubani, akisoma dua kwa sauti ya chini. Théodore akashuka kwenye jukwaa kama anayevutwa kwa kamba, akaketi miguuni mwa jitu, akafumbua kinywa, na kinywa hicho kikabaki wazi bila midomo kucheza hata maneno yalipoanza kutoka.

"Nilialikwa."

"Hukualikwa wewe," alisema Fatumah. "Aliitwa mwingine."

"Mwingine hakuja. Nilikuja mimi. Nilipewa chakula. Nilipewa uso." Sauti ilikuwa ya mzee, tena ya kusihi, na Ayikoru aliyekuwa tayari anapanda miti ya jukwaa alihisi nywele zikimsimama kwa sababu ya huzuni iliyokuwamo. "Mama, nimechoka kusimama. Tangu milima haijawa milima nimesimama. Niacheni nikae."

"Panda, binti yangu! Usisikilize!"

Alipanda. Jicho lile la kulia lilikuwa wazi mbele yake, kubwa kama kiganja, na kwa karibu aliona kitu ambacho kutoka chini hakikuonekana, kwamba lilikuwa na unyevu, kwamba kope ya sementi ilikuwa inapanda na kushuka, na kwamba ndani kabisa, mahali ambapo Théodore alikuwa ametoboa shimo dogo la mboni, mtu alikuwa anamtazama kwa namna ileile ambayo mumewe alimtazama siku ya kwanza kule Vurra; akajua jini limechukua hata hilo, akapiga kelele, akalipiga jicho kwa nyundo. Chini Théodore akalia. Akapiga tena. Kila pigo mumewe alilia kama mtoto anayechomwa, na kila alipolia mkono wake Ayikoru ulilegea, na kila ulipolegea Fatumah alimfokea apige, hadi shavu likaanguka, pua ikaanguka, na uso wote ukateleza kwa mpigo mmoja ukavunjikia chini. Upepo wa moto ukatoka kwenye tundu lililobaki. Ukasimama uani, kama mtu asiyejua aende wapi.

Wakati huo huo gari la Meja likaingia.

Alishuka peke yake. Hakumwona Théodore aliyelala miguuni mwa jitu, kinywa bado wazi. Hakumwona shangazi yake upande wa pili, aliyeinamisha kichwa, macho amefumba, sauti imemkauka kwa dua. Aliona vipande tu. Alipiga magoti akiwa na gwanda lake, akaokota kipande cha shavu, na mdomo wake wa chini ukaanza kutetemeka kama wa mtoto aliyepotea sokoni. Ayikoru alikuwa jukwaani juu yake, karibu kiasi cha kuona jasho shingoni mwake. Alimwona akivuta pumzi ya kusema. Alijua neno litakalotoka. Neno moja tu lilihitajika, "Nyamaza, afande," na lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi.

Akatazama kinywa cha mumewe kilichokuwa wazi. Akafunga cha kwake.

"Baba," alisema Meja Dumo. "Baba, mimi nimechelewa."

Uani pakatulia. Théodore akakohoa, akatapika maji ya sementi, akavuta pumzi ndefu yenye sauti yake mwenyewe. Na Meja akaketi chini vumbini, taratibu, kama mtu aliyesimama miaka mingi, akashusha pumzi ya raha.

Fatumah aliinua kichwa. Alielewa kwa kutazama mara moja. Alimwendea mpwa wake, akamvua kofia, akamfuta uso kwa ncha ya shuka. Meja hakupepesa macho.

"Shuka," Fatumah alimwambia Ayikoru. "Chukua bwana yako. Lomoro atawapa baiskeli. Ondokeni kabla askari wake hawajafika."

"Mama, mimi sikuwahi..."

"Uliwahi," alisema Fatumah. Hakupandisha sauti, wala hakuacha kufuta. "Nilifungua macho mapema. Niliona mudomo wako."

Walifika Arua, wakadandia lori la tumbaku hadi Vurra, wakavuka kwa miguu kupitia mashamba. Kule Aru Théodore alipona baada ya miezi miwili. Mikono ilirudi rangi yake, ila hakushika tena mwiko wa uashi, alilima. Mwaka wa sabini na tisa vita vilipofika na watu wa Koboko wakamiminika mpakani na magodoro vichwani, Lomoro naye alikuja. Alisema Mama Fatumah amekataa kukimbia. Meja hatembei, hasemi, analishwa kwa kijiko, na hawezi kuachwa peke yake mchana.

Théodore alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini. Lakini kwa nini aliita? Hakuna mutu alimwambia anyamaze?"

"Hakuna aliyemwambia," Ayikoru akajibu.

Akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko hadi jua likapita utosi.