Taa ya Vikombe Vitano

Rafiki yangu Tirza si mtu wa kuogopa ovyo. Ijumaa moja alipita kwa mfinyanzi hapa Safed kuchukua taa yake ya Sabato, vikombe vitano vya udongo kwenye kigae kimoja: viwili vya wazazi, vitatu vya watoto. Jua lilipokaribia kuzama akavijaza mafuta, akawasha, akaomba.

Akiwa mezani na mumewe Gershon, madirisha yamefungwa, akasikia mtu akipuliza: fuu. Kikombe cha mwanawe Elkana kilikuwa kimezimika, mafuta tele. Akakimbilia chumbani; mtoto amelala, anapumua.

Fuu. Cha Yiska. Naye anapumua.

“Gershon, mpigie mama! Naama wetu yuko kwake Haifa!”

“Nivunje Sabato kwa sababu ya upepo, mke wangu? Na mama simu kaizima tangu mchana, unamjua. Njoo, supu inapoa.”

Tirza akakaa kati ya vitanda, mkono mmoja kifuani kwa Elkana, mwingine kwa Yiska. Mkono wa tatu hana.

Fuu.

Aliitazama taa kupitia mlangoni. Ndimi mbili za wazazi zilisimama wima, hazikutikisika hata kidogo.