Gitaa la Kushoto, Gitaa la Kulia

Magharibi ilimkuta Fundi njiani, dawa ya mdogo wake ikiwa mfukoni, macho mekundu kwa wiki nzima ya kulala vipande vipande. Mama alimwambia anyooshe moja kwa moja nyumbani. Yeye akapita studio. Dakika chache tu, alijidanganya, kama wanavyojidanganya watu wote wa kazi hii.

Studio yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, kuta zimebandikwa magodoro makuukuu ili sauti isitoroke. Wimbo ulitakiwa asubuhi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa gitaa. Lilisikika jembamba, limekonda kama mpigaji wake.

Kwa kawaida gitaa hupigwa mara mbili. Pigo la kwanza huwekwa sikio la kushoto, la pili kulia, na kwa kuwa mkono wa binadamu haurudii jambo sawasawa, zile tofauti ndogondogo ndizo zinazoujaza wimbo. Lakini Nyuzi, mdogo wake, alipiga mara moja tu, homa ikamwangusha kitini. Akabebwa nyumbani, gitaa likabaki limeegemea ukuta.

Fundi alikuwa amechoka hata kufikiri. Akainakili ile sauti moja, nakala akaisogeza nyuma kiduchu. Ni ujanja wa kivivu, na aliujua vizuri: nakala haiujazi wimbo, inapiga kelele tu. Akavaa hedfoni, akabonyeza.

Wimbo ukajaa kichwa kizima.

Alipaswa kushtuka. Badala yake alifurahi, maana mtu aliyechoka hushukuru chochote. Akaongeza nakala nyingine. Na nyingine.

Hapo akasikia kiti kikilalamika... upande wa kulia. Kushoto, mtu akavuta kamasi. Sauti hizo hazikuwemo wakati wa kurekodi. Kisha ikaja harufu. Dawa ya kuchua, ileile aliyopakwa Nyuzi kifuani.

"Kaka..." Mnong'ono, katikati ya gitaa. "Nimechoka."

Simu ikaita. Alikuwa mama.

"Uko wapi wewe? Mdogo wako kalala, kafumba macho, lakini vidole vinakwenda! Anapiga gitaa hewani. Vinatoka damu, mwanangu!"

Fundi akausimamisha wimbo.

"Katulia," mama akasema. Kisha sauti yake ikapanda. "Hapumui... Hapumui!"

Akauwasha tena.

Kwenye simu, mtu akavuta pumzi ndefu.

Ndipo alipomkumbuka yule mjane aliyewauzia mitambo ya marehemu mumewe. "Msimzidishe mtu ambaye hayupo chumbani," aliwaambia, bila kueleza. Yeye na Nyuzi walicheka mpaka barabarani.

Huku wimbo ukienda, akaanza kuzifuta nakala, moja baada ya nyingine. Kila alipofuta, mama alisema, "Afadhali... anapumua afadhali." Zikabaki sauti mbili. Ya Nyuzi mwenyewe, na nakala moja.

Ipi ni ipi?

Hakuwa amezipa majina. Kosa la mwanagenzi, na yeye kazini ana mvi. Alikuwa amezihamisha kulia na kushoto, mbele na nyuma, hadi kwenye kioo cha kompyuta zilionekana mapacha.

"Damu haikomi," mama alisema, akilia. "Njoo, baba. Njoo!"

Wimbo ulikuwa unaelekea ukingoni. Fundi akaisogelea maiki kama mwehu.

"Nyuzi," akanong'ona. "Wewe ni yupi?"

"Mimi, kaka," likasema sikio la kushoto.

"Mimi, kaka," likasema la kulia.

Akafumba macho. Akafuta la kulia.

Gitaa moja likaumaliza wimbo peke yake. Kisha kimya...

"Kaamka!" mama akapiga kelele. "Anaomba maji! Asante Mungu, kaamka!"

Fundi alilia kama mtoto. Akafunga studio, akakimbia nyumbani na dawa ambayo haikuhitajika tena. Alimkuta Nyuzi amekaa kitandani, vidole vimefungwa vitambaa, akilishwa uji na mama. Homa haikuwepo. Majirani walijaa mlangoni wakisema ni nguvu ya maombi, na Fundi, aliyekuwa hoi bin taabani, alitamani sana kuwaamini.

Mama alipotoka kuongeza uji, Nyuzi akamvuta kaka yake karibu. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Kaka," akanong'ona. "Yule wa kulia, uliyemfuta..."

"Nyamaza. Pumzika."

"Nauliza tu. Mbona alikuwa anamwita mama?"