Lori Lililowaka Bila Betri

Betri ilikuwa chini, juu ya kipande cha ubao, na bado indiketa ya kushoto ya lile lori ilikuwa inawaka na kuzima. Mhina aliitazama, akaguna, akaendelea kutafuna muhogo wake. Fundi umeme aliyezeekea gereji za Korogwe hashtuki ovyo. Matope yakiingia kwenye waya huleta vituko vya kila aina, na lori hili lilikuwa limeoga matope mpaka kwenye paa.

Ila matope hayatengenezi umeme, na hilo Mhina alilijua vizuri. Hakutaka tu kulifikiria.

Dereva aliitwa Bernardo, mtu wa porojo ambaye siku hiyo alikuwa kimya kama aliyefiwa. Alieleza kwa kifupi kwamba barabara ya Kwaluguru ilikatika kwa mvua, akachepuka porini akiwa amepakia mahindi ya watu, akazama mpaka ekseli, akatia mawe chini ya matairi, akatoka. Tangu hapo taa zinajiwasha, honi inajipiga, na ndani kunanuka maziwa yaliyochacha. Mhina alimuuliza mawe aliyapata wapi kwenye mbuga ya udongo mtupu. Bernardo akajibu kuwa mawe ni mawe, akaenda kukaa mbali.

Kazi ikaanza. Mhina alifungua soketi, akaziosha, akazikausha, akapiga msasa pale waya wa eathi unapokazwa kwenye chasisi. Kila alipochana tepu alikuta tope bichi, la baridi, hata kwenye waya ambazo hazijawahi kufunguliwa tangu lori litoke kiwandani. Vidole vyake ndivyo vilivyomlisha, maana waya uliokatikia ndani aliutambua kwa kuupapasa tu. Sasa vilianza kufa ganzi. Adhuhuri honi ikalia, ndefu na nzito, kama ng'ombe anayekata roho, mafundi wengine wakakimbia, na Mhina akagundua kwamba yeye hakuogopa hata kidogo.

Jioni alikaa jikoni na mkewe, Mwanaidi. Walikuwa wamempata binti yao, Shamsia, baada ya kukata tamaa kabisa ya kupata mtoto. Alikuwa mtoto wa kelele. Akililia titi mtaa mzima ulijua, na Mhina alizoea kuacha kazi na kukimbia nyumbani ili tu amsikie. Leo Shamsia alilia mapajani mwake, naye akamtazama kama mtu anayesikia redio ya jirani. Akamrudisha kwa mama yake, akaipua sufuria kwa mikono mitupu.

"Baba Shamsia," Mwanaidi alisema polepole, kana kwamba kuna mtu amelala mle ndani, "mikono yako inaungua."

Aliitazama. Malengelenge yalikuwa yanajaa. "Sisikii maumivu."

"Na mtoto je?"

Alimtazama Shamsia. "Najua ni wangu. Basi, najua tu."

Mwanaidi hakupiga kelele. Alimkumbatia mtoto, akasogea upande wa pili wa jiko, akasoma Ayatul Kursi mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi alifika gereji mzee mmoja wa kifugaji, Lemayian. Alikuwa amefuata alama za matairi mpaka lami, kisha akaulizia lori lenye matope. Mhina akamwamkia shikamoo. Mzee aliitikia, akaitazama mikono ile iliyoungua, akasema mawe yale yalitoka kwenye kaburi la baba yake. Kila apitaye pale huongeza jiwe, na wageni hudhani ni heshima.

"Si heshima, ni uzito," alisema. "Baba alikufa na jini la baridi mikononi. Tuliweka mawe lisiinuke."

Bernardo aliinamisha kichwa. Alikiri kwamba alijua ni kaburi, na kwamba mawe yale alikuwa nayo bado, chini ya turubai, maana dereva aliyezama hupakia mawe yake akihofia kuzama tena mbele. Mhina akainama airudishe betri. Kabla hajaigusa, injini ikaunguruma yenyewe.

Walikwenda wote watatu, na kadiri walivyolikaribia kaburi ndivyo honi ilivyozidi kulia, na taa zikawaka mchana kweupe, na tope likaanza kutiririka kutoka kwenye swichi, likashuka miguuni mwao, la baridi, linalonuka maziwa, huku Bernardo akikanyaga mafuta na kunong'ona shahada za dini isiyo yake, na Mhina katikati yao ametulia kama gunia. Waliyarudisha mawe yote. La mwisho lilipokaa, lori likazima.

Lemayian akaichukua mikono ya Mhina, akaizamisha kwenye tope la kaburi. Maumivu yakaja yote kwa pamoja, ya jana na ya leo, na Mhina akalia kwa furaha.

"Bado," mzee alisema. "Limetoka kwenye gari, limepitia kwako, na liko kwenye ngozi. Bomani kwangu kuna kondoo. Umshike yeye kwanza. Usimguse mtu wako kabla yake."

Mhina alikubali. Lakini wingu lilikuwa limefunga upande wa Handeni, Bernardo akasema mvua ikiwakuta hapo watalala hapo, na Mhina alimkumbuka mwanawe mpaka kifua kikamuuma. Akajipima kama anavyopima gari: maumivu yapo, taa zimezima, kazi imekwisha. Akaifunga betri waliyokuja nayo, akapanda, Bernardo akawasha. Lemayian hakumbembeleza.

Alifika nyumbani Shamsia akilia. Akampokonya mikononi mwa mama yake, akambusu, akamlilia shingoni kwa jinsi alivyompenda. Mtoto akanyamaza. Mwanaidi akacheka, akasema kumbe alikuwa anamlilia baba.

Wiki iliyofuata Mwanaidi alirudi kutoka kliniki uso umemchanua, akaanza kusimulia kabla hajavua viatu. Watoto wa wenzake walipiga mayowe jengo zima, lakini Shamsia alichomwa sindano pajani akawa anamtazama nesi tu.

"Hakulia, Baba Shamsia. Hata uso hakukunja. Nesi amemsifu."

Mhina alimpokea binti yake, akamfinya paja taratibu, kisha kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi, huku akimwomba alie.