Hisa za Mama Loveness

Kila Jumamosi, akimaliza kufua sare zake, Loveness alimsindikiza mama yake kwenye kikoba chao, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, pale Manzese. Mama alikuwa akikaanga samaki na kuuza, na kwa jasho hilo alinunua hisa tano kila mkutano. Tano ndio ulikuwa mwisho. Hata mwenye duka hakuruhusiwa kununua ya sita.

"Tukipata bati, Love, tumeachana na kupanga," mama alizoea kusema. Nyumba yao ilikuwa Chanika, kuta tupu, ikisubiri mkopo. Lakini kikoba hakikumkopesha mtu zaidi ya mara tatu ya hisa zake, basi mama akazidi kuweka. Alipokaribia kuomba mkopo, akaugua ghafla. Mungu akamchukua.

Baada ya kuanua matanga, baba yake, Nikodemu, aliamua wahamie chumba cha kupanga Chanika, jirani na ile nyumba. Wakaenda kuaga kikoba.

"Shemeji, pole sana," alisema katibu, Mama Monica. "Hisa za marehemu ni zenu. Tuzihamishie kikoba cha Chanika, au tuwatolee fedha? Kuhamisha, itabidi mrudi Jumamosi ijayo viongozi wote wawepo."

Baba alikuwa akitazama pale alipozoea kukaa mkewe. Loveness naye alipatazama. Warudi tena hapa?

"Tutoleeni tu, mama mkubwa," Loveness akasema. "Kule tutaziweka wenyewe. Si ni zilezile?"

"Si zilezile, mwanangu. Ngoja baba yako..."

"Tutoleeni," baba akasema kwa sauti ya chini.

Kule Chanika, Bi Najat, mwenyekiti wa kikoba, aliwapokea vizuri. Baba akamweleza kuwa anataka kuweka fedha zote siku hiyo, akope, aezeke kabla ya masika.

Bi Najat akatikisa kichwa. "Kaka yangu, na hapa ni hisa tano kwa mkutano. Tukimwacha mwenye nazo aweke atakavyo, mnyonge atafanya nini?"

"Lakini hizi marehemu alishaziweka!"

"Zingehamishwa, kikoba kwa kikoba, ningezipokea zote leo, maana zilishapita kwenye kipimo cha tano tano kule. Zikishatolewa mkononi, kwetu ni fedha mpya. Zinaanza tano tano."

"Basi tuzirudishe Manzese," Loveness akasema haraka.

"Na kule watazipokea tano tano, binti yangu. Nasikitika."

Ikawa hivyo, hisa tano kila Jumamosi. Masika hayakungoja. Mvua ilinyesha juu ya kuta zisizo na paa, na shuleni Tunu, jirani yao, akawachekesha wenzake: "Nyumba ya kina Loveness inaoga kila siku, tena bila sabuni!" Loveness alicheka nao, kisha akaenda chooni kulia.

Asubuhi moja walikuta ukuta wa chumba cha mbele umeanguka. Mama mwenyewe ndiye aliyekipima kile chumba kwa hatua zake, akicheka. Loveness akapiga magoti kwenye tope.

"Ni mimi, baba! Sikutaka kurudi pale nikaone mahali pa mama pako wazi. Ndiyo maana nikasema watutolee."

Baba akachuchumaa karibu naye. "Nilimsikia Mama Monica akitaka kutueleza. Na mie nilikimbia pale, mwanangu. Mie mtu mzima."

Wakalia pamoja, kisha wakaanza kuokota matofali yaliyokuwa mazima.

Mvua zilipokwisha, hisa zilikuwa zimetosha, na Bi Najat akawapitishia mkopo. Ukuta ulijengwa upya, bati zikapigiliwa. Jioni ile baba alimkalisha Loveness sakafuni.

"Sikia, Love. Huzuni si kosa. Hata Bwana Yesu alilia. Ila mtu mwenye huzuni asiamue jambo zito kwa haraka. Amwombe anayejua amweleze, na kama machozi yamemzidi, aseme, 'Nipeni siku chache.' Kikoba kina taratibu zake, na kuzijua ni kulinda jasho la aliyeweka. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Wakasimama, baba akaiombea nyumba. Alipomaliza, wakasema "Amina," na sauti zao ziligonga kwenye bati mpya. Amina ile ilikuwa ya watu wawili tu.