Ndoo ya Mawese na Tone la Iodini

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi. Baridi ya Juni ilikuwa kali mjini Kasulu, na ukungu ulikuwa bado umetanda uwanjani. Wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wakifagia mbele ya jiko la shule, kama wafanyavyo kila Jumanne.

Mpishi, Bibi Josepha, alifungua ndoo ya mawese iliyoletwa jana yake. Alichovya mwiko wake, akaonja, akakunja uso.

"Mawese huganda kwa baridi, hilo nalijua," alisema. "Lakini haya yanakwaruza ulimi. Yametiwa unga wa muhogo."

Bwana Felician, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa amekuja kukagua stoo. Alichungulia ndani ya ndoo. Mafuta yalikuwa mazito, yenye chembechembe za njano.

"Yarudishwe," alisema. "Tutanunua kwa mtu wa Kibondo. Mchana, kwenye kikao, nitawatangazia wazazi sababu."

Swaumu, msichana wa miaka kumi na miwili, aliacha kufagia. Mawese yale yalitoka katika duka la mama yake.

"Kumbe Mama Swaumu anatuuzia uji!" alisema mwenzake, Saady. Darasa likacheka.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Swaumu alisema. "Mafuta ya mama yangu hayana unga."

"Marahaba. Haya ni mambo ya kamati. Endelea kufagia."

"Sitafagia."

Mwenyekiti alimgeukia.

"Unasemaje wewe?"

"Sitafagia mpaka yapimwe. Jina litakalotangazwa mchana ni la mama yangu. Mwalimu Ghati alitufundisha kwamba iodini ikikutana na wanga, rangi hugeuka bluu iliyokoza, karibu nyeusi. Unga wa muhogo una wanga. Kama umo, tutauona."

"Na tukiuona?"

"Nitasimama mstarini mbele ya shule nzima, niseme mama yangu alidanganya."

Mwalimu Ghati, aliyehamia Kasulu kutoka Mara, aliitwa. Alikuja na kichupa cha iodini na sahani nyeupe. Bibi Josepha alichota mafuta kwa mwiko wake, akayapaka kwenye sahani. Mwalimu alidondosha tone moja, akakoroga kwa kijiti.

Mistari myeusi ilitokea.

"Haya, kasimame!" Saady alipiga kelele. "Si ulisema mwenyewe?"

Swaumu alisogea karibu. Aliinama, akaitazama sahani kwa makini, kisha akautazama mwiko.

"Nitasimama," alisema. "Lakini kwanza, Mwalimu, weka tone moja kwenye mwiko, upande usio na mafuta."

"Mwiko wangu nimeuosha!" Bibi Josepha alifoka.

"Jana ulisongea nini, Bibi?"

"Ugali wa muhogo. Kwani wewe hukuula?"

Mwalimu Ghati alidondosha tone. Kila ufa wa mwiko uligeuka mweusi.

 Mwalimu alichukua kijiko safi cha chuma na sahani nyingine, akarudia jaribio. Safari hii tone lilibaki na rangi yake ya kahawia. Kisha akanyunyiza unga kidogo wa muhogo juu yake, na weusi ukatokea papo hapo.

"Basi mbona yana chembechembe?" aliuliza Bwana Felician.

Mwalimu Ghati aliweka kijiko cha mafuta karibu na moto. Chembechembe ziliyeyuka zote.

"Fikirini mzigo wa kuni," alisema. "Kuni zilizonyooka hulala pamoja na kubanana. Zilizopinda huacha nafasi. Molekuli ya mafuta ina mikia mitatu, mingine imenyooka, mingine imepinda. Baridi ikizidi, mikia iliyonyooka hubanana na kuganda kuwa chembe. Ndoo kubwa hupoa polepole, kwa hiyo chembe zake huwa kubwa. Wanga ni kitu kingine. Ni sukari ndogondogo zilizoungana kama shanga kwenye uzi uliojisokota, na iodini huingia ndani ya msokoto huo. Muhogo huweka akiba yake ya wanga mzizini. Mchikichi, mti wa mawese, huweka mafuta katika tunda. Sisi tunahitaji vyote viwili. Wanga hutupa nguvu. Mafuta huhifadhi nguvu, hutunza joto, na husaidia kujenga utando unaozunguka kila seli ya mwili."

Bwana Felician alivaa kofia yake, akageuka kuondoka.

"Mwenyekiti," Swaumu alisema, "ulisema utatangaza. Tangaza."

Bibi Josepha alishika mdomo. Mwalimu Ghati hakumkemea Swaumu.

"Ana haki," alisema. "Alikubali kipimo hata kama kingemwaibisha. Kisha akakipima kipimo chenyewe. Anayemtuhumu mtu alete ushahidi, na anayemtetea alete ushahidi pia. Sauti kubwa haitoshi, wala cheo hakitoshi. Nawe Swaumu, ulimjibu mkubwa wako kwa ukali. Ukweli wako ulikuwa na nguvu hata bila ukali huo."

"Nimekosa kwa ukali, Mwalimu," Swaumu alisema. "Kwa mafuta sikukosa."

Bibi Josepha alichemsha maji, akausugua mwiko, na tangu siku hiyo akautumia kwa ugali peke yake. Saa nane mchana Bwana Felician aliwaambia wazazi kwamba alikosea, akalitaja jina la Mama Swaumu mara mbili. Mwalimu Ghati alichora ubaoni mzigo wa kuni na uzi wa shanga. Saady alifagia sehemu yake na ya Swaumu. Swaumu alikula maharage yaliyoungwa kwa mawese yale, akapeleka sahani aongezewe.